Naloksoni kwa papa aliyetoka jeshini

Mimi ni muuguzi Kadutu, Bukavu. Papa zetu waliovua magwanda wana majeraha ya zamani, na mfukoni hakukosi tramadoli, kidonge kikali cha maumivu: ukizidisha, pumzi inakatika. Wengine wanaisukuma na kasiksi, pombe ya ndizi!

Usimuulize, "Papa, unatumia madawa?" Atafunga mdomo. Muulize panauma wapi, anameza vidonge vingapi. Kisha mfundishe mke wake kuchoma naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na tramadoli, maana aliyezidiwa hawezi kujichoma sindano.

Kituoni ulizeni ampuli (kichupa cha kioo) ya naloksoni, miligramu 0.4, pamoja na sindano. Kama haipo, ombeni daktari aiandike, duka la dawa liagize. Akisita, mkumbusheni kwamba tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri hata jamaa wa nyumbani wapewe. Marekani, idara ya wanajeshi wastaafu huwapa wagonjwa wake bila malipo.

Mama, ukimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo sana, haamki: tuma mtu atafute gari. Inua kidevu, mpulizie pumzi. Shika shingo ya ampuli kwa kitambaa, ivunje, vuta dawa yote kwa sindano, choma msuli wa paja kwa nje. Baada ya dakika 2 au 3 hapumui vizuri? Rudia. Akianza kupumua, mlaze ubavu.

Hata akiamka na kukutukana, hospitali aende: naloksoni huisha kabla ya tramadoli, na degedege ya tramadoli haitibiwi nayo. Beba pakiti ya vidonge, daktari aione.