Kabla ya Kuvuta Waya Kwenye Gari la Kulala

Betri ya volti 12 unaweza kuishika vichwa vyote viwili kwa mikono mikavu usisikie kitu. Kwa sababu hiyo wengi wanaogeuza HiAce kuwa gari la kulala safarini huuchukulia umeme wake kirahisi: waya wowote uliopo, tepu nyeusi, kazi imekwisha. Lakini spana ikidondoka juu ya betri hiyohiyo ikagusa vichwa vyote viwili, inaweza kupata moto hadi ikawa nyekundu, na waya mwembamba ukipiga shoti huanza kuyeyusha plastiki yake ndani ya sekunde chache. Umeme huu haurushi mtu, unaunguza gari. Na ndani ya gari hili watu wanalala, milango imefungwa. Ndiyo maana kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla hujanunua hata mita moja ya waya.

Anza na gari lenyewe. HiAce ni za volti 12, lakini Coaster za dizeli kwa kawaida ni za volti 24, na ukikosea hapo utaunguza pampu ya maji, taa na friji kwa siku moja. Usibahatishe, chukua mita ya kupimia volti. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa ya volti 12 husoma takriban 12.7, na injini ikiwaka hupanda hadi 14 na ushee. Ukiona 25 au 28, hilo ni gari la volti 24. Kama umeagiza gari la kulala lililokwisha kutengenezwa Japani, kuna jambo jingine: umeme wa majumbani kule ni volti 100. Chaja na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) zilizokuja na gari zimetengenezwa kwa kiwango hicho, na ukiichomeka chaja kama hiyo kwenye soketi ya Tanzania au Kenya, yenye volti 230 hadi 240, itaungua hapohapo. Soma kibandiko cha kila kifaa kinachotumia umeme wa soketi. Kisichoandikwa 100–240 king'olewe kabisa, kisiachwe ukutani kikimsubiri mgeni asiyejua.

Baada ya hapo shika karatasi na kalamu upige hesabu ya matumizi ya siku nzima. Friji ndogo ya kompresa ya wati 45 ambayo motor yake inafanya kazi nusu ya siku hutumia wati-saa 540. Feni ya wati 25 kwa saa nane ni 200. Simu na kompyuta, weka 150. Taa za LED za wati 20 kwa saa nne ni 80, na pampu ya maji haifiki hata 20. Jumla ni kama wati-saa 1,000. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina takriban 1,280, kwa hiyo inakufikisha kesho. Betri ya risasi ya ukubwa uleule haipendi kushushwa chini ya nusu, hivyo inakupa kama 600 tu, na kabla siku haijaisha friji imezima. Bila hesabu hii mtu huongeza betri ya pili baadaye kwa waya wa kuungaunga, na viungio vya namna hiyo ndivyo vinavyopata moto.

Hesabu ya pili ni ya ampea, na ndiyo inayowashangaza waliozoea umeme wa nyumbani. Birika la wati 2,000 kwenye soketi ya volti 230 huvuta kama ampea 9. Birika hilohilo likilishwa na inverta kutoka betri ya volti 12, betri inatoa karibu ampea 185, ukihesabu na kinachopotea ndani ya inverta. Hapo unazungumzia kebo nene ya milimita za mraba 50, fupi kadiri inavyowezekana. Ushauri wangu: chai ichemshwe kwa gesi, na inverta iwe ndogo ya kuchajia kompyuta. Utaokoa fedha na utapunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Hata mizigo midogo inadai waya mnene kuliko unavyodhani. Chukua waya wa milimita za mraba 2.5 uliozoeleka kwenye soketi za nyumba, uupeleke mita tano hadi nyuma ya gari na mita tano kurudi, kisha pitisha ampea 10. Unapoteza volti 0.7 njiani. Kwenye volti 230 hakuna atakayejua, ila kwenye volti 12 ni karibu asilimia 6, na friji itaanza kulalamika kuwa betri imeisha ilhali imejaa. Weka waya wa 6, upotevu unashuka hadi volti 0.3. Pima urefu kwa kamba ukifuata njia halisi, nyuma ya makabati na juu ya dari, kwenda na kurudi, ndipo uende dukani.

Sasa fyuzi. Fyuzi ya kwenye boksi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Ukubwa wake unafuata uwezo wa waya, kisha unahakikisha kifaa kinavuta chini ya hapo. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, kuna tatizo la kutafutwa, na anayeweka kubwa zaidi, au anayefunga uzi wa waya mahali pake kama inavyofanyika gereji nyingi, ameugeuza waya mzima kuwa fyuzi. Utakapokatika ni ndani ya ukuta wa mbao, nyuma ya godoro.

Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, sentimita 20 zikizidi ni nyingi, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Baada yake swichi kuu ya kukata kila kitu, mahali unapoweza kuifikia gizani bila kuondoa mizigo, ndipo boksi la fyuzi ndogondogo. Kila betri na kila chanzo kingine, yaani altaneta na sola, kiwe na ulinzi wake upande wake. Betri ya lithiamu ikipiga shoti inaweza kutoa maelfu ya ampea, na fyuzi ya bei rahisi inaweza kukatika huku cheche ikiendelea kuruka ndani yake. Kwa betri hiyo nunua fyuzi ya aina ya Class T, iliyotengenezwa kukata umeme mkubwa kiasi hicho. Na sakiti breka za nyumbani zibaki nyumbani: umeme wa gridi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na hapo cheche huzimika, lakini umeme wa betri haupiti sifuri kamwe. Breka ya upande huu lazima iwe imeandikwa DC, yaani ya umeme wa betri, na volti zake.

Ukifika dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, usinunue kwa rangi na unene. Nyaya nyingi zinazouzwa kama shaba ni alumini iliyopakwa shaba juu, zinapitisha umeme mdogo kuliko shaba halisi na viungio vyake hulegea na kupata joto. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya uwe wa nyuzi nyembamba nyingi, kwa kuwa ule mgumu wa uzi mmoja wa kwenye nyumba hukatika kwa mitetemo ya barabara ya vumbi. Vishikio vya ncha za waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo, na baada ya kubana uvute kwa nguvu. Ukitoka, haukuwa umeshika. Kila tundu la bati liwekewe mpira kabla waya haujapita, maana kingo za bati hukata plastiki polepole kwa miezi. Kabla ya kutoboa tundu lenyewe, ondoa waya hasi wa betri ya gari na uchungulie upande wa pili: tangi la mafuta na mabomba ya breki yako chini ya sakafu hiyo.

Betri yenyewe ifungwe kwa mikanda ya chuma au bolti kiasi kwamba gari likipinduka haitoki. Ya risasi yenye maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka, hivyo iwe kwenye boksi lenye bomba la kutolea hewa nje. Ya lithiamu usiiunge moja kwa moja na altaneta. Huvuta ampea nyingi kwa muda mrefu hadi altaneta inaungua. Katikati weka chaja ya DC kwa DC, inayochaji betri hiyo kwa ampea zilizowekewa kikomo.

Kwenye sola jambo kubwa ni mfuatano: unganisha betri na kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji ya paneli) kwanza, paneli mwisho. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 22 ikiwa haina mzigo, mbili kwa mfululizo 44, na kontrola lazima iweze kuhimili zaidi ya hapo.

Upande wa volti 230 unaua, na hapo simshauri mtu ajifunzie kwenye gari lake. Tafuta fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, na umuulize maswali matatu kabla hajaanza. Kwanza, ethi ya soketi itafungwa wapi kwenye bodi ya gari? Pili, swichi ya RCD ya milliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja, itakata pia umeme wa inverta, au ule unaochomekwa kutoka soketi ya kambini tu? Inverta nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na ethi, na RCD baada yake ni pambo. Nyingine ukiziunganisha kwa nguvu zinaungua, hivyo kijitabu chake kisomwe. Tatu, ni kitu gani kinazuia inverta na umeme wa kambini visikutane? Jibu liwe swichi ya kubadilisha, isiwe "utakumbuka kuzima". Kebo ya kuchukulia umeme kambini ikunjuliwe yote kabla ya matumizi, ikibaki imezungushwa kwenye roli yake hujipasha joto.

Kama una mtungi wa gesi, kabati lake liwe mbali na betri na liwe na tundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini ikitafuta cheche. Kitambua moshi juu ya kitanda, kizima moto cha unga karibu na mlango, mchoro wa nyaya ukiwa na ukubwa wa kila fyuzi umebandikwa ndani ya kabati la betri. Siku ya kwanza washa mizigo yote kwa pamoja kwa nusu saa ukiwa umeegesha nyumbani, kisha zima swichi kuu na uguse kila kiungio kwa nyuma ya mkono. Kilicho cha moto kifunguliwe, kibanwe upya, na kijaribiwe tena kabla godoro halijaingia.