Bomba likipasuka ndani ya nyumba: mambo ya kufanya ili bima ilipe (kwa wenye nyumba hapa Texas)

Mi ni fundi bomba hapa Dallas, na tangu ile baridi ya Februari 2021 watu wetu wananipigia simu kuulizia bima kuliko hata bomba lenyewe. Wiki ile umeme ulikatika, joto likashuka mpaka nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, mabomba yaliyopita darini yakaganda yakapasuka, alafu barafu ilipoyeyuka maji yakamwagika sebuleni kama mvua. Wapo waliolipwa na wapo walioambulia barua ya kukataliwa, na kwa nyumba nilizoingia mimi tofauti mara nyingi haikuwa ukubwa wa hasara, ilikuwa mtu alifanya nini siku ya kwanza na alibaki na ushahidi gani mkononi.

Kabla ya hatua zenyewe shika hili. Bima ya kawaida ya mwenye nyumba inalipia uharibifu wa maji yaliyotoka ghafla, bila kutarajiwa. Kuvuja kidogokidogo wiki baada ya wiki hailipii, hapo wanasema ni uchakavu na hukutunza nyumba. Bomba bovu lenyewe pia ni juu yako, ila kubomoa ukuta ili bomba lifikiwe na kuurudishia, hiyo kwa kawaida wanalipa, na hapa ndo wengi wanapoteza pesa kwa sababu hawajui kabisa kama wana haki ya kuidai.

Hatua ya 1: funga maji. Koki kubwa iko kwenye kile kiboksi cha mita ardhini, karibu na barabara, nyumba zingine zina koki nyingine gereji au pembeni ya ukuta. Nenda kaitafute leo, usisubiri usiku wa manane. Zima na hita ya maji. Kama maji yamekaribia soketi zima umeme kwenye breka, lakini kama ili uifikie breka lazima ukanyage maji, toka nje uite watu.

Hatua ya 2: piga picha kabla hujagusa kitu. Video ndefu, tembea chumba kwa chumba huku unasema tarehe na unachokiona, alafu picha za karibu kabisa za pale palipopasuka. Ajasta, yani yule mkaguzi wa bima, anatafuta dalili za muda: kutu, mbao iliyokuwa nyeusi, kuvu, madoa ya duara yanayopandana. Mpasuko mpya na mbao safi iliyolowa vinakutetea, sasa ukishafuta na kukausha utamwonyesha nini?

Hatua ya 3: kausha, hapohapo. Mkataba unakutaka uzuie hasara isizidi kuwa kubwa, na kuvu inaweza kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48. Nyonya maji, washa feni, kodi mashine ya kukausha hewa, na tunza kila risiti kwa sababu gharama hizo unaziweka kwenye klemu, yani yale madai unayopeleka bima. Matengenezo ya kudumu subiri kwanza ajasta aone. Kapeti likibidi kutolewa kata kipande uweke.

Hatua ya 4: usitupe kilichopasuka. Hili linaniuma mpaka leo. Kuna mama mmoja hose ya mashine yake ya kufulia ilipasuka yuko kazini, nikaja, nikabadilisha, nikaitupa ile ya zamani kama nilivyozoea, na alipokuja ajasta akasema hawezi kujua ilipasuka siku ile au ilikuwa inavuja miezi. Tulihangaika sana. Toka siku hiyo kila kipande ninachotoa nakifunga kwenye mfuko, naandika tarehe, namkabidhi mwenye nyumba, na namwandikia ripoti ya chanzo. Fundi wako asipokupa ripoti, mdai.

Hatua ya 5: soma mkataba kabla ya kupiga simu. Angalia diduktibo, ile pesa unayoanza kubeba mwenyewe. Texas mara nyingi ni asilimia ya thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye bima, kwa hiyo nyumba ya dola 350,000 yenye diduktibo ya asilimia 1, dola 3,500 za mwanzo ni zako. Hasara ikiwa dola 4,000 utapata 500, na klemu hiyo inaweza kukaa kwenye rekodi yako miaka 7, hapo mi ningelipa mwenyewe. Angalia pia vitu ambavyo bima haivilipii mpaka uwe umenunua nyongeza yake: maji machafu yanayorudi juu kupitia mfereji, na msingi wa nyumba, maana nyumba nyingi za hapa zimekaa juu ya zege na mabomba yamepita chini yake. Mafuriko ni bima nyingine kabisa, ile ya serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 ndo ianze kazi.

Hatua ya 6: ripoti. Sema ulichokiona, usikisie. Kama hujui ilianza lini sema hujui, na kama uliona ikivuja mwezi uliopita sema pia, kudanganya bima ni kosa la jinai. Kiingereza kikikusumbua omba mkalimani, usimwachie mtoto wa shule aongee mambo ya maelfu ya dola. Andika namba ya klemu na jina la kila unayeongea naye. Kwa sheria ya Texas wana siku 15 za kukiri wamepokea, wakishapata vyote walivyoomba siku 15 za kazi kuamua, na wakikubali siku 5 za kazi kulipa.

Hatua ya 7: ajasta akija uwepo, na fundi wako awepo. Cheki ya kwanza isikushtue kuwa ndogo, wanakata uchakavu kwanza, na kama mkataba wako ni wa kulipia kitu kipya, iliyobaki unaidai ukimaliza kazi na kuleta risiti. Kama nyumba ina mkopo, jina la benki linaweza kuwa kwenye cheki, wapigie mapema.

Wakikataa, omba waandike ni kifungu gani. Kulalamika kwa Idara ya Bima ya Texas ni bure. Unaweza kuajiri ajasta wako mwenyewe, kisheria haruhusiwi kuzidi asilimia 10 ya malipo. Kontrakta anayekuahidi kukufutia diduktibo mkimbie, tangu Septemba 2019 hiyo ni kuvunja sheria.

Na wale mnaosafiri Desemba kwenda Nairobi au Bukavu mwezi mzima: bomba likiganda bima itauliza ulichukua tahadhari gani. Acha hita ya nyumba inawaka na utunze bili, au funga koki kubwa, fungua mabomba yote mpaka maji yaishe, piga picha ya koki iliyofungwa ndo uende airport.