Kumwandaa mtoto kwa mitihani ya kimataifa ukiwa Tanga

Mzazi wa Ngamiani au Chumbageni anayefikiria mtaala wa kimataifa kwa kawaida huanza kwa kuulizia ada, ilhali kinachofaa kutangulia ni mtihani wenyewe. IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari unaotolewa na bodi ya mitihani ya Cambridge ya Uingereza na ulioanza kutahiniwa mwaka 1988, hufanywa zaidi na watoto wa miaka 14 hadi 16, na kila somo hupata daraja lake, kuanzia A* hadi G, bila divisheni ya jumla tuliyoizoea kidato cha nne. Baada yake hufuata A Level, au diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala mwingine wa kimataifa) yenye masomo 6 na insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Mweleze mtoto hayo kwa ufupi, kisha mpe karatasi aione.

Muhtasari wa kila somo, pamoja na baadhi ya mitihani iliyopita na miongozo ya kuisahihisha, hupatikana bure kwenye tovuti ya Cambridge. Chapisha mtihani mmoja wa Biolojia, ukae naye, umwonyeshe namba iliyo ndani ya mabano ya mraba mwishoni mwa swali: ikiwa ni 3, msahihishaji kwa kawaida anatafuta hoja 3, hivyo sentensi ndefu yenye hoja moja haitamfikisha mbali. Ajibu kwa kalamu, kisha ajisahihishe mwenyewe kwa mwongozo. Maswali mawili ya namna hiyo kila jioni yana faida kuliko kukesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani.

Mzazi asiyejua sayansi wala Kiingereza asijiweke kando. Vitunguu vya kachumbari vikishanyunyiziwa chumvi na kuanza kutoa maji, mwulize mtoto maji hayo yametoka wapi na kwa nini. Akiweza kueleza osmosisi (maji kupenya utando wa seli kuelekea penye chumvi nyingi) kwa Kiswahili bila kufungua kitabu, amekwisha kuielewa, na kilichobaki ni kujifunza kuiandika kwa Kiingereza cha mtihani. Akibabaika, arudi kusoma.

Ratiba ifuate maisha ya nyumbani. Mtoto anayetoka shule na kuingia madrasa alasiri asome kidogo baada ya Isha na kidogo baada ya Alfajiri, kabla joto halijapanda, na simu ikae chumba kingine. (Madrasa haimpotezei muda, kama wengine wanavyodai: mtoto aliyezoea kudurusu kila siku mbele ya mwalimu tayari ana nusu ya nidhamu inayotakiwa.)

Kabla ya kumsajili, hakikisha kituo kinatambuliwa na Cambridge, na ulizia Baraza la Mitihani la Tanzania utaratibu wa kulinganisha vyeti vya nje, hasa ukitarajia asome chuo kikuu nchini. Fanya hivyo kabla hajachagua masomo, kwa kuwa anayeota udaktari akiiacha Kemia akiwa na miaka 14, atalazimika kuirudia baadaye kwa gharama yako.