Jinsi ya kusoma mashapo ya pango kabla ya kutafsiri zana na mifupa

Wengi wakiingia kwenye uchimbuzi wa pango hukimbilia zana za mawe. Mimi huanza na udongo uliozifukia. Usipojua udongo huo ulifikaje pale, huwezi kudai kwamba zana na mfupa uliolala kando yake ni vya wakati mmoja.

Hatua ya 1: Kagua pango lenyewe

Jiulize mashapo, yaani udongo, mawe na vitu vingine vilivyotuama pangoni, yanatokea wapi. Mengine huzaliwa humo humo: mawe yanayomeguka darini, chokaa inayoganda kutokana na maji yanayodondoka, mavi ya popo. Mengine huletwa na upepo, au na mvua inayosukuma tope kupitia mlangoni na kwenye nyufa. Halafu kuna yaliyoletwa na watu na wanyama. Chora yote kwenye ramani ya pango.

Hatua ya 2: Safisha ukuta wa shimo, kisha uusome

Kwangua kwa mwiko wa mwashi wenye makali. Usisugue, maana utapaka tope la tabaka moja juu ya jingine. Linganisha rangi kwa chati ya Munsell, yaani vipande vya rangi sanifu vya kulinganishia udongo, na uandike kama udongo ulikuwa mkavu au mbichi, kwa kuwa rangi hubadilika. Fikicha kidogo vidoleni: mchanga hukwaruza, mfinyanzi hunata.

Muda mwingi utumie kwenye mipaka ya matabaka. Mpaka uliofifia polepole una maana yake, lakini ule mkali, hasa unaokata matabaka kwa mshazari, unastahili kukukosesha usingizi: huenda maji yalikomba mashapo ya zamani, na mapya yakaja kujaza pengo. Ndicho kilichotokea katika pango la Liang Bua, kisiwani Flores, Indonesia. Mifupa ya binadamu wafupi iliyoanza kupatikana mwaka 2003 ilidhaniwa kuwa michanga, mingine ya miaka 12,000 hivi tu. Uchimbuzi ulipopanuliwa, ikaonekana kwamba mashapo yaliyopimwa umri yalikuwa machanga, yameegemea mabaki ya mashapo ya kale yaliyomomonyoka. Mwaka 2016 umri wa mifupa ukasahihishwa kuwa kati ya miaka 60,000 na 100,000. Mifupa ilikuwa ile ile. Kilichosomwa upya ni ukuta wa shimo.

Hatua ya 3: Tafuta palipovurugwa

Angalia vishimo vya wanyama, mizizi, na mashimo yaliyochimbwa na watu. Si kila vurugu ni hasara. Katika pango la Panga ya Saidi, Kenya, udongo uliojaza shimo ulitofautiana na ule uliolizunguka, na hiyo ni sehemu ya ushahidi kwamba mtoto aliyekuwemo alizikwa makusudi yapata miaka 78,000 iliyopita.

Hatua ya 4: Chukua sampuli

Kata bonge la udongo linalovuka mpaka wa matabaka mawili, ulifunge kwa plasta kabla halijavunjika, na uchore mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Bila mshale, bonge halina faida. Sampuli za kupimia mara ya mwisho chembe za mchanga kuguswa na jua zichukuliwe kwa bomba lisilopitisha mwanga.

Hatua ya 5: Peleka maabara, kisha ndipo utafsiri

Bonge hugandishwa kwa resini, aina ya gundi inayokauka ikawa ngumu, na kukatwa kipande chenye unene wa milimita 0.03 kwa ajili ya hadubini. Kwa njia hiyo, katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yalionekana majivu ya mimea na vipande vya mifupa iliyoungua vya miaka milioni moja hivi, takriban mita 30 kutoka mlangoni, mbali mno kusingiziwa upepo. Katika pango la Zhoukoudian, China, mambo yalikwenda kinyume: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 haukupata majivu ya kuni mahali palipodhaniwa kuwa na meko, na sehemu ya mashapo ilikuwa imetandazwa na maji. Kwa hiyo usiandike “meko” kwa sababu tu umeona weusi.

Pima kemia pia. Mavi ya popo yakioza hutoa tindikali inayoyeyusha mifupa na majivu, yakabaki madini ya fosfati. Tabaka lisilo na mfupa hata mmoja lakini limejaa madini hayo haliwezi kutumika kudai kwamba wakazi wake hawakula nyama. Linganisha kwanza na sehemu ya pango ambako udongo bado una chokaa. Huko mifupa huwa na nafasi ya kudumu.