Rekodi za jukwaani za Maria Callas: sahihisha kasi kwanza

Rekodi nyingi za Callas, mwimbaji wa opera, akiwa jukwaani zilinaswa kutoka redioni au kwa mashine iliyofichwa ukumbini, zikanakiliwa tepu hadi tepu, zikauzwa kwa santuri za magendo, ndipo zikafika kwenye kompyuta. Kila mashine njiani ilikuwa na kasi yake. Nakala ikienda mbio, sauti inakuwa nyembamba na kali. Ikienda polepole, noti za juu zinayumba kuliko alivyoziimba. Wapo wanaomlaumu Callas kwa kosa la mota.

Kwa hiyo usianze na kuondoa kelele. Pima kasi.

Tumia faili la WAV au FLAC (aina zisizopoteza ubora wa sauti), na asili usiiguse. Kisha tafuta sehemu ambayo ufunguo wake haubadilishwi na waimbaji. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanapima kwa “Casta diva”, wimbo wa opera ya Norma, ambayo mtunzi Bellini aliiandika katika G lakini kwa kawaida huimbwa katika F, au kwa tukio la wazimu la opera ya Lucia di Lammermoor, ambalo kwa mazoea hushushwa kutoka F hadi E fleti. Ukipima Lucia ya Berlin ya 1955 kwa nota ya asili, utadhani tepu imechelewa toni nzima. Kwa Norma, chukua G ya mwisho wa utangulizi wa okestra (392 Hz, yaani mitetemo 392 kwa sekunde). Kwa La Traviata, chukua vipande vya kufungia wimbo wa karamu wa tendo la kwanza, ulio katika B fleti (466.2 Hz). Sauti ya mwimbaji isiwe kipimo chako, maana mtetemo wake hupanda na kushuka. Ile E fleti ya juu aliyoitupa mwishoni mwa tendo la pili la Aida, Mexico City, 1951, iwe ya kuthibitishia tu: iangukie karibu na 1244.5 Hz.

Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, chagua sekunde 2 au 3 za okestra, fungua kichoro cha masafa, na uweke ukubwa wa 65536. Kwa faili la 44.1 kHz unapata usahihi wa takriban 0.7 Hz. Soma kilele kilicho karibu na noti unayoitaka. Gawanya namba sahihi kwa uliyoisoma. Ukisoma 480 badala ya 466.2, jibu ni 0.971, yaani punguza kasi kwa 2.9%. Nakala iliyopanda nusu toni kamili inahitaji kupunguzwa 5.6%, iliyoshuka nusu toni, iongezwe 5.9%.

Tumia amri ya kubadili kasi, inayosogeza noti na mwendo pamoja. Ile inayobadili noti peke yake inaacha mwendo ukiwa bado na kosa, na juu yake inatia mkwaruzo kama wa bati kwenye irabu.

Usikimbilie A ya 440 Hz kamili. Okestra nyingine zilitunza A kwenye 442, tofauti ya senti 8 tu (senti 100 ni nusu toni moja). Chini ya senti 10 acha ilivyo.

Kisha pima tena katikati na mwishoni mwa tendo. Ikiwa kosa linakua kidogo kidogo, mashine ilikuwa inachoka, na utahitaji badiliko la kasi linaloteleza kutoka asilimia moja hadi nyingine. Ikiwa noti inaruka ghafla, hapo tepu ilibadilishwa au upande wa santuri uliisha: kata faili hapo, sahihisha kila kipande kivyake, uunganishe baada ya hapo.

Sasa ndipo uguse kelele, na kwa mkono mwepesi. Mvumo wa chinichini uondoe. Mchakacho wa tepu upunguze desibeli 4 hadi 6, si zaidi. Ukisikia mlio wa maji unaobubujika nyuma ya pianissimo (sehemu anayoimba kwa sauti ya chini sana), umekwisha kula sauti yenyewe. Mnong’ono wa msaidizi anayewatajia waimbaji maneno, unaosikika wazi kwenye rekodi kadhaa, uache.

Andika asilimia uliyotumia kwenye jina la faili, ili atakayepata tepu bora aweze kulinganisha.