Mashindano Yako ya Kwanza ya Bastola: Njoo Polepole

Wageni wengi wanaofika uwanja wa Kirigiti, Kiambu, huniuliza kwanza wanunue bastola gani. Njoo na hiyo iliyo kwenye cheti chako cha silaha, mradi ni ya milimita 9 na haikwami. IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujilinda ambacho kanuni zake tunazifuata hapa, ilianzishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya silaha na vifaa ambavyo mtu huvaa kila siku, kwa hiyo pesa zako weka kwenye risasi.

Cha kununua ni ala ya kubebea bastola kiunoni. Ile ya kitambaa laini, inayojikunja ukishachomoa bastola, iache nyumbani. Tafuta ngumu inayofunika triga yote, na mshipi mnene wa kuibeba. Ongeza magazini tatu, mkoba wa magazini, miwani ya kinga, viziba masikio, na kizibao cha kufunika bastola, maana hapa tunachomoa kutoka chini ya nguo. Steji moja, yaani zoezi moja la kufyatua lenye shabaha zake, haizidi risasi 18. Zidisha kwa idadi ya steji, kisha beba za akiba, kwa sababu taima, kifaa cha kupima muda wako, ikigoma utarudia.

Ukifika, usiiguse bastola. Si kuonyesha rafiki, si kuhakikisha kama iko tupu. Uliza eneo salama liko wapi. Huko unaweza kuishika, lakini risasi haziingii, hata za bandia. Kwingineko, unaitoa tu afisa wa usalama akikuamuru. Amri ni za Kiingereza na hazibadiliki: "Load and make ready", ujaze, "Are you ready?", halafu "Standby", na baada ya hapo mlio wa taima. Ukimaliza unatoa magazini, unamwonyesha chemba tupu, unarudisha slaidi mbele, unavuta triga ukiwa umelenga tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha, kisha bastola inarudi kwenye ala. Fanya haya taratibu. Hakuna anayekupimia muda tena.

Mahali ninapowakazia macho wageni ni wanapokimbia kuelekea kushoto huku wakibadilisha magazini. Anayetumia mkono wa kulia, mwili wake ukigeuka kushoto, mtutu nao huvutwa kurudi nyuma, tulikosimama sisi. Hapo hakuna onyo: umeondolewa, unafungasha. Dawa yake ni kuacha viwiko karibu na mwili na kuendelea kuelekeza mtutu kwenye tuta, hata kama miguu inakwenda kwingine. Kidole nacho kiwe nje ya triga kila unapotembea. Jizoeze nyumbani na bastola tupu, risasi zikiwa chumba kingine na mlango umefungwa.

Sasa hesabu ya alama. Muda wako huongezwa sekunde 1 kwa kila pointi uliyopoteza. Duara la katikati ya karatasi ya shabaha halikupunguzii kitu. Ukitoka nje yake unapoteza 1 au 3, ukikosa karatasi kabisa, 5. Ukipiga karatasi inayowakilisha mtu asiye adui, sekunde 5 nyingine. Kukosea utaratibu, kama kufyatua ukiwa nje ya kizuizi, ni 3. Chukua kijana aliyemaliza kwa sekunde 12 akapoteza pointi 9: ana 21. Mama aliyetumia 16 na kupoteza 2 ana 18, na amemshinda bila kutoa jasho. Vijana huwa hawaamini mpaka matokeo yatoke.

Kwa hiyo usiombe kuwa wa kwanza kwenye kikundi. Waangalie watatu au wanne, uhesabu shabaha, uamue utabadilisha magazini wapi. Wakati wenzako wanapiga, saidia kubandika viraka kwenye karatasi; ukiwa karibu na shabaha ndipo utaona risasi za wenye haraka zinakoangukia.

Jina lako likiitwa, tazama saiti ya mbele, vuta triga, tazama tena. Alama zikishasomwa na ukaridhika, thibitisha. Ukiona kosa, sema kabla viraka havijabandikwa, kwa sababu tundu likishafunikwa hata mimi siwezi kukusaidia.