Kuweka klachi pleti katikati kabla ya kurudisha giaboksi

Anayebadilisha klachi nyumbani kwa mara ya kwanza huhofia kushusha giaboksi, ilhali mara nyingi kinachomtoa jasho ni kuirudisha, hasa klachi pleti isipokaa katikati. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri, kisha liweke gari juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, na matofali yasifikiriwe kabisa.

Kabla ya kufunga pleti mpya, itazame pande zote mbili, kwa kuwa upande wenye kitovu kilichotokeza na springi kwa kawaida huelekea giaboksi, na pleti nyingi huwa na maandishi yanayoonyesha upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini). Safisha flaiwili isibaki na alama ya mafuta wala vidole. Kisha pitisha kifaa cha plastiki cha kusentalia katikati ya pleti, na ukaze bolti za presha pleti (kifuniko kinachobana pleti kwenye flaiwili) kidogo kidogo kwa kukingamanisha, huku kifaa hicho kikiwa bado ndani. Kikitoka na kuingia bila kukwama, pleti imekaa katikati.

Giaboksi ikigoma milimita chache kabla ya kugusa injini, usiivute kwa kukaza bolti zake, kwani ndivyo masikio ya giaboksi (sehemu zinazopitisha bolti) yanavyopasuka, na usiiache ikining'inia kwenye shafti yake inayoingia katikati ya pleti, kwa sababu uzito wa giaboksi hupinda pleti mpya. Iinue kwa jeki hadi ilingane na injini, weka gia, kisha zungusha kidogo shafti ya kutolea nguvu, ile inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, mpaka meno ya shafti ya kuingilia yakutane na ya pleti.